Mahafali ya kidato cha nne: jinsi ya kuandaa siku ambayo kila mhitimu atatajwa kwa alichokifanya

Mahafali mengi ya kidato cha nne yanafanana. Maturubai yamefungwa uwanjani, mgeni rasmi amechelewa, kwaya imeshaimba nyimbo zake zote, kisha wanaitwa wanafunzi bora: wa kwanza kitaaluma, wa pili, wa tatu, aliyeongoza Hisabati, aliyeongoza Kemia, aliyeongoza Baiolojia. Mara nyingi ni watoto walewale watano wanaopanda na kushuka jukwaani, na wengine mia moja wanawapigia makofi. Mzazi aliyefunga genge lake siku nzima na kulipa bodaboda kutoka kijijini anamwona mwanawe mara moja tu, pale darasa zima linapopita kwa foleni kuchukua vyeti, majina yakisomwa mbiombio kana kwamba ni rejista ya asubuhi.

Mwongozo huu ni kwa walimu, wajumbe wa bodi na wazazi wa shule za sekondari Tanzania, hasa shule za kata ambazo hazina mfuko mkubwa. Lengo lake ni moja: kila mhitimu aitwe kwa jina lake kamili, na hapohapo litajwe jambo moja la kweli alilolifanya katika miaka yake minne. Linawezekana hata kwenye shule yenye wahitimu 150. Kinachohitajika zaidi ni muda wa walimu, na muda huo lazima uanze kutumika mapema.

Hatua ya 1: Tarehe

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mahafali huwekwa kabla yake, kwa sababu mtihani ukiisha wanafunzi hutawanyika. Huwezi kuwakusanya tena. Wiki za mwisho za Septemba au wiki ya kwanza ya Oktoba ndizo nzuri. Ukisogea zaidi ya hapo unawaibia watahiniwa muda wa kujisomea, maana mazoezi ya kwaya na maigizo hula siku nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kuna jambo hapa ambalo kamati nyingi hazilitafakari. Siku ya mahafali matokeo ya Baraza la Mitihani bado hayapo. Hutoka takriban mwezi Januari. Kwa hiyo hatusherehekei divisheni. Tunasherehekea kazi ya miaka minne, na ushahidi wa kazi hiyo tunao tayari shuleni: mitihani ya mihula, mtihani wa utamilifu ambao wengi tunauita moko, rejista za mahudhurio, na kumbukumbu za watu walioishi na watoto hawa kila siku.

Jumamosi ndiyo siku ya kawaida, lakini angalia watu wako. Penye Wasabato wengi, kama sehemu za Mara na Upareni, Jumamosi ni siku ya ibada na familia hizo hazitakuja. Ukichagua Ijumaa, shughuli isimame mapema kwa ajili ya swala. Angalia pia siku ya gulio. Na kwa mikoa ya pwani na kaskazini mvua za vuli huanza Oktoba, kwa hiyo hata jua likiwaka wiki nzima, weka nafasi ya turubai au andaa madarasa mawili makubwa ya akiba.

Hatua ya 2: Kamati ndogo yenye kazi zilizogawanywa

Watu wanane hadi kumi wanatosha: makamu mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, walimu wa madarasa ya kidato cha nne, mjumbe mmoja wa bodi, wazazi wawili, pamoja na kaka mkuu na dada mkuu. Wanafunzi hao wawili wasiwekwe kwa sura tu. Wanajua mambo kuhusu wenzao ambayo hakuna mwalimu anayeyajua, na kazi ya hatua inayofuata itawategemea sana.

Hatua ya 3: Kusanya mafanikio, mtoto mmoja mmoja

Hapa ndipo penye uzito wote. Anza Julai, muhula wa pili ukifunguliwa. Nunua kaunta buku moja kwa kila mkondo, mpe kila mwanafunzi nusu ukurasa, andika jina lake juu. Daftari likae ofisi ya taaluma, na kila mwalimu aandike pale anapokumbuka jambo. Usisubiri kikao. Kwenye kikao majina yanayotajwa ni ya wale wanaong'ara na wale wanaosumbua, na katikati hapo kuna watoto themanini ambao hakuna anayewasema.

Kwa hao themanini, nenda kwenye vyanzo vingine:

- Rejista. Tafuta waliohudhuria karibu siku zote, kisha angalia wanatoka wapi. Mtoto anayetembea saa moja na nusu kila asubuhi na hajachelewa muhula mzima amefanya kazi ambayo mwenzake anayekaa jirani na geti hakuifanya.
- Daftari la mwalimu wa zamu. Humo mna nani alisimamia usafi, nani alipeleka mgonjwa zahanati, nani aliamua ugomvi.
- Mpishi, mlinzi, matroni na mtunza maktaba. Waulize swali moja tu: "Ni mtoto gani wa kidato cha nne ambaye akiondoka utaona pengo lake?" Majibu yao huleta majina ambayo stafu haikuyafikiria.
- Wanafunzi wenyewe. Gawa vikaratasi vyenye maswali matatu. Ni jambo gani hukuliweza ulipoingia kidato cha kwanza na sasa unaliweza? Ni nani darasani aliyekusaidia, na alikusaidiaje? Ni kazi gani ya shule uliyoifanya ambayo hakuna aliyeiona?

Swali la pili ndilo lenye utajiri. Kila aliyemtaja mwenzake amekupa ushahidi wa mafanikio ya mtu mwingine. Mara nyingi utakuta kijana mmoja mkimya, wa nafasi ya hamsini darasani, ametajwa na wenzake sita kwamba ndiye aliyewaelekeza milinganyo au kuwaazima madaftari walipougua.

Ukishakusanya, mwalimu wa darasa aandike kwa kila mhitimu sentensi moja isiyozidi maneno ishirini. Sentensi hiyo ndiyo itakayosomwa. Hii hapa ni mifano ya sentensi zinazofaa:

"Alipanda Hisabati kutoka alama 18 kidato cha kwanza hadi 46 kwenye moko."

"Alitunza funguo na daftari la maabara miaka miwili, hakuna chombo kilichopotea bila kuandikwa."

"Alikuja hajawahi kuandika aya moja ya Kiingereza, mwaka huu aliongoza mdahalo wa shule."

"Alipanda na kumwagilia miti iliyo mbele ya jengo la utawala, na yote ipo hai."

"Wenzake sita wameandika kwamba yeye ndiye aliyewafundisha Kemia baada ya vipindi."

Na hizi hazifai: "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii." "Ni mchangamfu." "Anapenda masomo yake." Hizo zinaweza kusemwa juu ya mtoto yeyote, na mzazi anajua. Pima hivi: kama sentensi inaweza kuhamishiwa kwa mwanafunzi mwingine bila kubadilisha neno, irudishe kwa mwalimu wa darasa.

Mfano wa Kiingereza pale juu usiudharau. Watoto wengi wa shule za kata wametoka shule za msingi zilizowafundisha kila kitu kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wakakuta Jiografia, Historia na Baiolojia zote zimegeuka Kiingereza. Aliyevuka mto huo amefanya kazi kubwa, hata kama cheti chake hakitakuwa na A nyingi.

Kuna mipaka ya kulinda. Usitaje umaskini wa nyumbani, ugonjwa, uyatima wala ugomvi wa wazazi, hata kama nia yako ni kusifu uvumilivu. Tangu mwishoni mwa 2021 wanafunzi walioacha masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi darasani. Kama unaye binti wa namna hiyo, ushindi wake ni mkubwa kuliko wa wengi, lakini si wako kuutangaza kwenye kipaza sauti mbele ya kijiji kizima. Mwite pembeni, muulize anataka kisemwe nini. Akisema "sema nilifanya vizuri Kiswahili", sema hivyohivyo.

Na yule aliyewatesa walimu miaka minne? Naye atafutiwe sentensi ya kweli. Ipo. Labda alifunga mabao yaliyoipeleka timu ya shule mbele kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, labda ndiye aliyetengeneza viti vilivyovunjika. Usimsifie nidhamu ambayo hakuwa nayo, maana darasa zima litacheka na sentensi za wenzake zitapoteza heshima.

Mwisho, kila mhitimu asomewe sentensi yake faraghani kabla ya siku yenyewe. Akikataa, ibadilishwe. Zoezi hili la dakika mbili kwa kila mtoto wengi huliruka kwa haraka. Ukilifanya, siku ya mahafali hakuna atakayeaibika.

Hatua ya 4: Zawadi maalumu

Zawadi za taaluma zibaki. Mtoto aliyeongoza amefanya kazi na anastahili kuitwa. Ila ongeza makundi machache yenye vigezo vinavyohesabika, ili mzazi akiuliza "kwa nini si mwanangu?" uwe na karatasi ya kumwonyesha.

Zawadi ninayoipigania kuliko zote ni ya aliyepiga hatua kubwa zaidi. Ihesabu hivi. Chukua wastani wa kila mwanafunzi katika mtihani wa kumaliza kidato cha kwanza, kisha wastani wake wa moko. Tumia masomo saba ya lazima tu: Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia, Uraia, Historia na Jiografia. Sababu ni kwamba wengi huacha Fizikia na Kemia baada ya kidato cha pili, na ukichanganya masomo yote, aliyeacha masomo magumu ataonekana amepanda kumbe amepunguza mzigo. Aliyetoka 34 hadi 53 amepanda alama 19. Aliyetoka 78 hadi 84 amepanda 6, naye atapata zawadi yake kwingine.

Kama moko ilikuwa ngumu na darasa zima limeshuka, acha alama, tumia nafasi. Aliyekuwa wa 96 akawa wa 31 kati ya 120 amewapita wenzake 65, na hilo halibishaniwi.

Makundi mengine: mahudhurio, huduma kwa wenzake (hesabu vikaratasi vya hatua ya 3), mazingira, michezo, sanaa na uongozi. Matatu au manne yanatosha. Zikizidi hapo zinachosha, na thamani yake inapungua.

Kuhusu kitu cha kutoa, fikiria miezi mitatu ijayo na mwaka ujao. Kamusi, mkebe wa jiometri na kaunta buku zitamsaidia kabla ya Novemba. Tranka, ndoo yenye mfuniko, shuka au taa ya sola zitamsaidia akichaguliwa kidato cha tano, kwa sababu shule nyingi za kidato hicho ni za bweni na orodha ya vifaa huwa ndefu kuliko uwezo wa familia. Kikombe cha plastiki cha rangi ya dhahabu kinapendeza kwenye picha, lakini tranka itamsafirisha hadi shule yake mpya.

Hatua ya 5: Fedha

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, serikali ilikataza michango ya kulazimisha wazazi. Mchango wa mahafali uwe wa hiari kweli, upitishwe kwenye kikao cha wazazi, upate ridhaa ya mamlaka husika, na kila shilingi ikatiwe risiti. Hakuna mhitimu atakayezuiwa kuingia, kupata cheti au kula kwa sababu mzazi wake hakuchanga. Hili liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili mtu yeyote asije akalipindisha siku yenyewe.

Punguza gharama zisizomgusa mtoto. Joho na kofia za kukodi hazina ulazima. Sare ya shule iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha, na inamwepusha mzazi na gharama ya siku moja. Keki iwe moja. Chakula cha meza kuu kisitofautiane na cha wahitimu. Badala ya bendi ya kukodi, kwaya ya shule ipo. Usichokipunguza ni kipaza sauti: ukikodi spika mbovu, sentensi zote ulizoziandika kuanzia Julai hazitasikika. Jenereta yenye mafuta iwe karibu, umeme ukikatika isichukue nusu saa kuitafuta.

Hatua ya 6: Majina, vyeti na mwaliko

Majina kwenye vyeti yaandikwe kama yalivyosajiliwa kwa ajili ya mtihani, herufi kwa herufi. Bandika orodha ukutani wiki tatu kabla na kila mhitimu asaini mbele ya jina lake. Mkiona kosa kwenye usajili wenyewe, mpelekee mkuu wa shule siku hiyohiyo.

Mwaliko kwa mzazi ubebe jina la mtoto wake, hata kama ni ujumbe wa simu: "Mzazi wetu, salaam. Jumamosi tarehe 3 mwanao atatajwa mbele ya shule kwa kazi aliyoifanya hapa miaka minne. Tunaanza saa 3 asubuhi. Tafadhali usikose, na kama nauli ni shida, tupigie tuongee." Mzazi wa mtoto wa katikati, ambaye hajawahi kuitwa shuleni isipokuwa kwa makosa, atausoma ujumbe huo mara mbili.

Mgeni rasmi achaguliwe mapema na apewe karatasi moja wiki nzima kabla: idadi ya wahitimu, mambo mawili ya kujivunia, na ombi moja la shule. Moja. Risala nyingi za wahitimu hugeuka orodha ya shida kumi na mbili, kuanzia uzio, maji, maabara, nyumba za walimu hadi mashine ya kudurufu, na mgeni anaondoka ameahidi zote bila kukumbuka hata moja. Ombi moja lenye hesabu, kwa mfano "viti na meza 40 kwa kidato cha kwanza wa mwaka ujao", hufuatiliwa. Risala isizidi dakika saba, na iandikwe na wahitimu wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili asahihishe tahajia tu.

Hatua ya 7: Ratiba

Panga ratiba kwa kuanzia kwenye majina, si kwenye hotuba. Wahitimu 120 kwa sekunde 25 kila mmoja ni dakika 50. Muda huo ni wao, usiguswe. Vingine vyote vipangwe kuuzunguka.

- Saa 3:00: maonyesho ya masomo madarasani na maabara, wahitimu wakiwaeleza wazazi wao majaribio
- Saa 4:00: wimbo wa taifa, sala na dua, utambulisho mfupi
- Saa 4:20: shairi au ngonjera, kisha risala ya wahitimu
- Saa 4:45: kuitwa kwa wahitimu wote na kupewa vyeti
- Saa 5:40: zawadi maalumu
- Saa 6:00: taarifa ya mkuu wa shule, neno la mzazi mmoja, hotuba ya mgeni rasmi
- Saa 6:45: harambee kama ipo, isizidi dakika 15
- Saa 7:00: chakula na picha

Utaona majina yametangulia hotuba. Ni makusudi. Yakiwekwa mwisho, jua limewaka, watu wana njaa, na mshereheshaji atasema "kwa sababu ya muda tuwaite kwa makundi". Harambee nayo ikitangulia inaweza kumeza saa nzima. Na mgeni rasmi akichelewa, maonyesho na burudani viendelee hadi saa 4:30. Baada ya hapo mwenyekiti wa bodi aanze kugawa vyeti. Mweleze mgeni hivyo tangu mwanzo, kwa adabu, ili asije akaona amevunjiwa heshima.

Hatua ya 8: Kuita

Wasomaji wawe wawili wakipokezana, wenye sauti inayosikika na waliofanya mazoezi ya majina yote. Kila mhitimu ana kadi yake, na kadi zimepangwa kwa mfuatano wa viti. Wahitimu watano wasimame pembeni mwa jukwaa muda wote, ili anaposhuka mmoja mwingine awe tayari. Msomaji ataje jina kamili, anyamaze kidogo, asome sentensi, kisha mhitimu asogee.

Mzazi au mlezi akitaka kuja kumvisha shada la maua au khanga, mpangie mahali: chini ya ngazi, wakati wa kushuka, si jukwaani. Vigelegele viruhusiwe. Wale wasio na mtu aliyekuja wajulikane mapema, na kila mmoja awe na mwalimu aliyepewa kazi ya kumpokea pale chini.

Picha zipigwe, ila kabla ya kuzirusha mtandaoni pata idhini ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wengi wa watoto hawa bado hawajafika miaka 18. Kadi yenye sentensi mkabidhi mhitimu pamoja na cheti. Wengine wataibandika ukutani nyumbani.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Kwenye maonyesho ya asubuhi weka meza moja ya maelezo: jinsi ya kuchagua tahasusi (makundi ya masomo) za kidato cha tano, kozi za ufundi za VETA zilizo karibu, vyuo vya maendeleo ya wananchi, na utaratibu wa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wazazi wapo, watoto wapo. Hamtawapata pamoja tena kwa urahisi namna hiyo.

Matokeo yakitoka Januari, shule nyingi hubandika bango la waliopata divisheni ya kwanza na kunyamaza kuhusu wengine. Bandikeni bango, ni haki yao. Lakini wiki hiyohiyo mwalimu wa darasa awapigie simu waliopata divisheni ya nne na sifuri, mmoja mmoja, akiwa na kaunta buku mkononi. Aanze na ile sentensi, kisha waongee kuhusu njia zilizo wazi. Wiki hiyo ndiyo vijana wengi huzima simu na kujificha kwa ndugu.

Kaunta buku lisitupwe. Mhitimu atarudi baada ya mwaka au miwili kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya chuo au kazi, na mkuu wa shule aliyehamia juzi hamjui. Afungue ukurasa wake, aandike barua yenye jambo la kweli. Kidato cha tatu wanaoingia cha nne wafunguliwe lao Januari, shule zikifunguliwa tu, walimu wakiwa bado na nguvu za mwaka mpya.